Injini ya Pili: Kupandisha Mizigo katika Milima ya Cumbres

Mpakani mwa majimbo ya Colorado na New Mexico, nchini Marekani, ipo njia ya reli nyembamba iliyojengwa mwaka 1880 ili kuvuka safu ya milima ya San Juan. Ncha zake mbili, yaani mji wa Antonito upande wa mashariki na mji wa Chama upande wa magharibi, zinakaribia kuwa katika kimo kimoja: Antonito ni mita 2,404 juu ya usawa wa bahari, na Chama ni mita 2,397. Kati ya miji hiyo upo upenyo wa Cumbres, wenye kimo cha mita 3,053. Atokaye Antonito huupanda mlima huo kwa mwendo wa kilomita 80. Atokaye Chama huupanda mlima uleule kwa kilomita 22 tu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyotawala maisha ya reli hiyo kwa muda wa miaka themanini na minane. Waliotengeneza ratiba, wahandisi wa madaraja, madereva, wachochea moto na magadi, wote walifanya kazi zao kwa kufuata ukweli mmoja usiobadilika: kwamba upande wa Antonito mwinuko wa reli hauzidi asilimia 1.42, na upande wa Chama unafikia asilimia 4. Kwa lugha nyepesi, mwinuko wa asilimia 4 ni kupanda mita 4 kwa kila mita 100 za mwendo. Mtu anayetembea kwa miguu huuona mwinuko huo kuwa si kitu. Kwa gari moshi ni ukuta.

Njia hiyo ilikuwa mali ya shirika la reli la Denver and Rio Grande, ambalo baadaye liliitwa Denver and Rio Grande Western. Upana kati ya reli zake mbili ni futi 3, yaani milimita 914, pungufu hata kuliko reli ya mita moja ambayo Waafrika Mashariki wameizoea tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Reli nyembamba hugharimu fedha kidogo, nayo huweza kupinda kwa ukali kando ya majabali ambako reli pana ingelazimika kutoboa mlima. Kwa hiyo wajenzi waliokuwa na haraka ya kuyafikia machimbo ya fedha ya San Juan waliichagua. Mnamo mwaka 1881 reli ilikuwa imekwisha fika Durango. Deni la haraka hiyo liliachwa lilipwe na waendeshaji wa miaka iliyofuata.

Hesabu ya tani

Ili kulielewa tatizo lenyewe, inafaa kuichukua injini moja na kuifanyia hesabu. Mwaka 1925 shirika lilinunua injini kumi za mvuke kutoka kiwanda cha Baldwin na kuzipa jina la K-36. Herufi K iliwakilisha aina ya injini, ambayo ina magurudumu manane ya kusukuma, mawili madogo mbele na mawili nyuma. Tarakimu 36 ilionyesha nguvu yake ya kuvuta: ratili elfu 36 na kitu, ambazo ni kani sawa na uzito wa tani 16.4. Injini hiyo pamoja na behewa lake la maji na makaa ilikuwa na uzito wa tani 130 hivi.

Kila tani inayopandishwa mwinuko wa asilimia 4 hudai kani sawa na uzito wa kilo 40, kwa sababu asilimia 4 ya kilo 1,000 ni kilo 40. Juu yake huongezwa kani ya kushinda msuguano wa magurudumu na mihimili yake. Na tuseme ni kilo 5 kwa tani. Jumla ni kilo 45. Sasa injini yenyewe ina tani 130, nayo lazima ijipandishe kabla ya kupandisha kitu kingine. Kazi hiyo peke yake hula kani ya tani 5.85, zaidi ya theluthi moja ya nguvu yote! Kinachobaki ni tani 10.55, na kikigawanywa kwa kilo 45 kwa tani hupatikana mzigo wa tani 234.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa upande wa Antonito, ambako kila tani hudai kilo 14.2 za mwinuko na kilo 5 za msuguano, injini ileile hupata mzigo unaozidi tani 700. Hapo hazijahesabiwa kona, ambazo nazo huongeza msuguano, wala akiba ambayo kila mwendeshaji mwenye busara hujiwekea. Hata hivyo uwiano unaonekana wazi: upande mmoja wa mlima injini moja ina thamani ya injini tatu za upande wa pili.

Walioendesha reli hiyo waliweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuupandisha mzigo vipande vipande. Injini ilitoka Chama na theluthi ya mabehewa, ikayaacha Cumbres, ikashuka tupu, ikarudia. Mabehewa yote yakiisha kukusanyika kileleni, injini moja iliyavuta hadi Antonito na kuendelea Alamosa, kwa kuwa kutoka hapo njia karibu yote ni ya kuteremka. La pili lilikuwa kufunga injini ya pili kwenye treni hiyohiyo, ipande nayo hadi kileleni, kisha ifunguliwe, igeuzwe kwenye reli ya pembetatu ya Cumbres na kurudi Chama peke yake. Injini hiyo ya pili ndiyo inayohusika na makala haya. Kwa kifupi itaitwa msaidizi.

Msaidizi afungwe wapi?

Mtu asiyejua kazi hii angejibu mara moja kwamba msaidizi afungwe mbele, mgongo kwa mgongo na mwenzake, kama maksai wawili katika nira. Na kwa mizigo midogo ndivyo ilivyofanyika. Lakini jibu hilo lina kasoro tatu, na kila moja ni somo zuri la fizikia.

Kasoro ya kwanza iko katika viungio vya mabehewa. Injini mbili zikivuta kutoka mbele, kiungio kilicho nyuma yao hubeba kani yote ya treni. Kiungio cha behewa la mwisho kinabeba kidogo sana. Mnyororo hukatika pale unapovutwa kwa nguvu kuliko pote, na behewa kuukuu la mbao likifungwa karibu na injini mbili za tani 130 laweza kung'olewa kiungio chake. Msaidizi akiwekwa mkiani, kazi hugawanyika: yule wa mbele anavuta nusu ya treni, yule wa nyuma anasukuma nusu ya pili, na mahali fulani katikati pana behewa ambalo halivutwi wala halisukumwi.

Kasoro ya pili ni ya kona. Mwalimu anaweza kuionyesha darasani kwa visanduku vinane vya viberiti. Viunganishwe kwa uzi, vipangwe kwa umbo la upinde juu ya meza, kisha uzi uvutwe kutoka mbele huku kisanduku cha mwisho kikizuiwa kwa kidole. Visanduku vya katikati vitaburutwa kuelekea ndani ya upinde, kwa sababu uzi unaovutwa ncha zote mbili hutaka kunyooka. Reli ya Cumbres ni kona baada ya kona, na baadhi yake ni kali mno. Treni ndefu inayovutwa kwa nguvu nyingi kutoka mbele hutaka kunyooka vivyo hivyo, na behewa jepesi lililo katikati ndilo linalokuwa hatarini kuanguka upande wa ndani. Kusukuma nako kuna hatari zake. Msaidizi wa nyuma akizidisha nguvu, mabehewa hujikunja nje ya reli kama karatasi inayosukumwa kwa ncha. Basi usalama haukutokana na kuvuta peke yake wala kusukuma peke yake, bali ulitokana na vyote viwili kulingana, na mlinganyo huo uliletwa na madereva wawili wasioonana.

Kasoro ya tatu ni daraja. Kilomita chache kutoka Chama reli inavuka bonde la kijito cha Wolf Creek juu ya daraja la chuma la Lobato, lenye kimo cha mita 30 hivi. Lilijengwa katika miaka ya 1880, wakati injini zilikuwa ndogo. Injini ya K-36 ina urefu wa mita 20 hivi, kwa hiyo kila mita yake hukandamiza daraja kwa zaidi ya tani 6. Behewa lililojaa hukandamiza kwa takriban nusu ya kiasi hicho. Injini mbili zilizofungwa pamoja zilikuwa mzigo ambao daraja halikuruhusiwa kuubeba. Ikiwa msaidizi alikuwa mbele, ilibidi treni isimame, msaidizi afunguliwe, avuke peke yake, angoje ng'ambo, kisha afungwe tena mwenzake akiisha kuvuka. Akiwa mkiani, mabehewa yaliyo katikati yalizitenganisha injini hizo, na kila moja ilivuka kwa zamu yake bila ya treni kusimama.

Kwa sababu hizo zote, treni nzito zilizotoka Chama zilionekana mara nyingi na injini moja mbele na nyingine nyuma. Hata hivyo msaidizi wa nyuma hakuwa wa mwisho kabisa. Behewa la gadi lilifungwa nyuma yake. Behewa hilo lilikuwa la mbao, ndani yake mna jiko, vitanda na watu, na hakuna mwenye akili timamu ambaye angeliweka kati ya injini inayosukuma kwa kani ya tani 16 na mabehewa yanayokataa kwenda.

Madereva wawili, breki moja

Hapakuwa na redio katika siku za mwanzo. Dereva wa mbele alizungumza na mwenzake kwa filimbi ya mvuke. Milio miwili mirefu ilimaanisha breki zifunguliwe, treni inaondoka. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha breki zifungwe, treni isimame. Msaidizi alijibu kwa milio miwili mifupi. Katika kona za mlima, penye upepo na theluji, filimbi huenda isisikike. Hapo dereva wa nyuma alitegemea mgongo na miguu yake. Mabehewa yakilegea mbele yake alijua kwamba anasukuma kupita kiasi. Yakimvuta alijua kwamba mwenzake amezidi kumtangulia. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni, na kijana aliyeajiriwa kuchochea moto aliipata kwa kusimama miaka kadhaa kando ya mzee anayeijua.

Juu ya breki, sheria haikuacha nafasi ya kubahatisha. Treni hizo zilitumia breki ya hewa aliyoivumbua George Westinghouse mwaka 1872. Wengi hudhani kwamba katika breki hiyo hewa hupelekwa nyuma ili kuzifunga breki. Kinyume chake ndio ukweli. Bomba moja linalopita chini ya mabehewa yote hujazwa hewa kwa kanieneo kubwa, na kila behewa lina tangi lake la akiba. Kanieneo ya bomba ikishuka, vali iliyo chini ya kila behewa hufunguka na kuiachia hewa ya tangi isukume breki. Ubora wake ni huu: kiungio kikikatika na bomba likapasuka, breki hujifunga zenyewe bila ya mtu kugusa chochote.

Sasa msomaji afikirie treni yenye injini mbili, kila moja ikiwa na pampu yake ya hewa na vali yake ya dereva. Dereva wa mbele anaona jiwe kwenye reli, anaitoa hewa bombani ili treni isimame. Pampu ya injini ya nyuma, kwa utiifu wa mashine isiyo na macho, inahisi kanieneo imeshuka nayo inaijaza tena. Breki zinafunguka! Kwa hiyo kila msaidizi alipofungwa kwenye treni, kabla ya jambo lingine lolote, dereva wake aliifunga koki maalumu iliyoitenga vali yake na bomba la treni. Tangu hapo treni nzima ilikuwa na dereva mmoja wa breki, naye ni yule wa mbele. Aliye nyuma alibaki na breki ya injini yake mwenyewe, pamoja na uwezo wa kuitoa hewa yote kukitokea hatari. Koki hiyo ni ndogo kama mkono wa mtoto, lakini kuisahau kungeweza kuigharimu treni yote.

Moto na maji

Katika injini hizo makaa yalitupwa tanurini kwa koleo na mtu mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, injini inayovuta kwa kani ya tani 16.4 hutoa nguvu ya kilowati 535 hivi. Injini ya mvuke ya aina ile hugeuza sehemu ndogo tu ya joto la makaa kuwa kazi. Ikikadiriwa kuwa ni asilimia 6, basi tanuri lilihitaji zaidi ya tani moja ya makaa kwa kila saa ya kupanda. Hiyo ni koleo moja ya kilo saba kila baada ya sekunde ishirini na moja. Na kadiri mlima ulivyopanda ndivyo hewa ilivyopungua, hata pale Cumbres kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 tu ya ile ya pwani. Kwa kulinganisha, kilele cha reli ya kwenda Uganda karibu na Timboroa, ambacho wasafiri wa Kenya hukikumbuka kwa baridi yake, kiko chini ya Cumbres kwa zaidi ya mita 250.

Hatari kubwa kuliko zote haikutokana na makaa, ilitokana na maji. Dari ya tanuri, iliyo upande wa nyuma wa boila, ni bamba la chuma lenye moto chini yake na maji juu yake. Maji hayo ndiyo yanayolizuia lisiyeyuke. Injini ikipanda hali imeelekeza uso mbele, maji huegemea nyuma, juu ya dari, na kioo cha kupimia huonyesha kwamba yako mengi. Lakini maji hayaongezeki kwa sababu injini imeinama. Katika boila yenye urefu wa mita 6, mwinuko wa asilimia 4 hufanya tofauti ya sentimita 24 kati ya ncha moja na nyingine. Injini inapofika kileleni na kuinamia upande wa pili, maji yote hukimbilia mbele, na dari ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa imefunikwa vema yaweza kubaki wazi. Chuma hulegea, mvuke hupasua, na boila hulipuka. Mchochea moto aliyekwisha choka kwa koleo alipaswa kuyakumbuka haya yote pale hasa ambapo mwili wake ulimwambia kwamba kazi imekwisha: mita mia chache kabla ya Cumbres, ilimpasa kuhakikisha kwamba boila lina maji ya kutosha kwa mteremko, hata kama maji baridi yangeipunguza nguvu ya mvuke.

Mchanga nao ulikuwa na nafasi yake. Magurudumu manane ya kusukuma ya K-36 hubeba uzito wa tani 65 hivi, na kani yake ya kuvuta ni robo ya uzito huo. Reli kavu huvumilia uwiano huo. Reli yenye umande, majani au theluji haiuvumilii, na magurudumu huanza kuzunguka bure. Ndiyo sababu juu ya boila mna sanduku la mchanga mkavu na mabomba ya kuuangusha mbele ya magurudumu. Katika treni ya injini mbili utelezi wa mmoja humtwisha mwenzake mzigo wote kwa ghafla, naye mara nyingi huteleza papo hapo.

Wakati wa kipupwe wasaidizi walipewa kazi nyingine. Theluji iliyofunika reli iliondolewa kwa jembe la kuzunguka, ambalo ni behewa lenye gurudumu kubwa la mapanga mbele na boila ndani yake. Boila hilo huzungusha mapanga tu. Jembe haliwezi kwenda hata hatua moja kwa nguvu zake. Injini mbili au zaidi zililisukuma kutoka nyuma, wakati mwingine zikikwama zenyewe katika theluji ambayo jembe limeirusha pembeni na upepo ukairudisha.

Reli hiyo ilipandisha kutoka Chama mbao, mifugo na mafuta ghafi yaliyopelekwa kusafishwa Alamosa. Inafaa kutaja hapa kwamba tatizo hilohilo la mwinuko lilipata jibu tofauti katika Afrika Mashariki. Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliagiza kutoka Uingereza injini 34 za Garratt za daraja la 59, zilizoanza kazi mwaka 1955: mitambo miwili ya magurudumu chini ya boila moja, uzito wa zaidi ya tani 250, dereva mmoja. Ziliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi katika miinuko ya asilimia 1.5. Kwa namna fulani msaidizi alikuwa amefungwa ndani ya injini yenyewe, na suala la filimbi na koki likatoweka. Reli za Marekani hazikuzipokea Garratt. Katika dizeli za kisasa, injini za katikati na za nyuma huongozwa kwa redio na dereva aliye mbele, na kompyuta hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa kwa mgongo na miguu.

Treni za mizigo zilikoma kupita Cumbres mwaka 1968. Mwaka 1970 majimbo ya Colorado na New Mexico yalinunua kwa pamoja kilomita 103 kati ya Antonito na Chama, pamoja na baadhi ya injini za K-36, nayo reli ikageuzwa kuwa ya watalii. Mwezi Juni mwaka 2010 daraja la Lobato liliungua, na treni hazikuweza kulipita hadi lilipotengenezwa mwaka uliofuata. Injini za mwaka 1925 bado huonekana zikitoka Chama asubuhi, moshi ukitangulia juu ya miti, na katika siku ambazo abiria walikuwa wengi treni ilifungiwa injini ya pili. Ilipofika Lobato ilisimama. Ya mbele ikafunguliwa, ikavuka peke yake, ikangoja ng'ambo.